Rangi za Siku za Manyunyu

Mwezi uliopita tulimzika Mama Koku, kule Kamuli, katika kibanja chake mwenyewe, nyuma ya nyumba ambayo mimi niliwahi kupanga chumba nikiwa msichana wa miaka ishirini na miwili. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, si ile ya kupiga kelele juu ya bati, ni ile nyembamba inayokulowanisha bila kukushtua. Nilikuwa nimekaa ukumbini na wanawake wenzangu, juu ya nyasi zilizotandazwa sakafuni, wakati Domitila alipoingia ameshikwa kiwiko na binti yake. Tulikuwa hatujaonana kwa zaidi ya miaka kumi. Macho yake sasa hayaoni kitu kabisa. Nikamwamkia, "Shikamoo dada," naye akageuza uso kuelekea sauti, akasema, "Marahaba, Leokadia. Umenenepa." Nikamuuliza amejuaje. "Sauti imenenepa," akasema, na wanawake waliokuwa karibu wakacheka kile kicheko cha chini cha msibani. Alikaa ubavuni mwangu mpaka sala ikaisha, kisha akaniinamia sikioni na kuniomba nimwambie mlima ulivyo. Kutoka pale tulipokaa mlima ulionekana nusu tu kupitia mlangoni, nusu nyingine imemezwa na ukungu. Nikaanza kumwambia. Nikamwambia magugu ya juu yamekuwa na rangi ya kutu, na chini yake kuna ukanda wa nyasi uliopauka kama nywele za muhindi, na kwamba mparachichi wa jirani umetoa majani mapya ya rangi ya shaba. Binti yake alikuwa anatutazama kwa zamu, mimi na mlango. Nadhani nilizungumza kwa dakika kumi nzima, na nilipomaliza nikashangaa maneno yale yote yalikuwa yamehifadhiwa wapi, maana katika maisha yangu ya kawaida, maisha ya madaftari na mikutano ya wazazi, sikuwahi kuyahitaji. Ni Domitila mwenyewe aliyeyaweka humo, katika mwaka mmoja.

Nilifika Kamuli mwezi wa tisa, mwalimu mpya, kipindi ambacho Kyerwa ilikuwa bado haijawa wilaya na sisi sote tulikuwa watu wa Karagwe. Mimi nilitoka Muleba, nimezoea kuamka nikaona ziwa, na siku za kwanza niliona kama nimepelekwa ndani ya gunia. Migomba mbele, migomba nyuma, wingu juu. Mwalimu mkuu alinipeleka kwa Mama Koku kwa sababu chumba cha pale kilikuwa na vitanda viwili na mwalimu mmoja. Kilikuwa chumba kidogo chenye dirisha la mbao linalofunguka moja kwa moja kwenye migomba, kiasi kwamba upepo ukivuma jani lilikuwa linaingia ndani na kufagia meza. Mwalimu aliyenitangulia alikuwa Domitila, mwenyeji wa Ihembe, amenizidi miaka mitano hivi. Alinikaribisha vizuri, akanipa nusu ya kamba ya nguo na msumari mmoja wa kutundikia mkoba. Lakini kabla wiki haijaisha nilikuwa nimeshamhukumu. Alivaa kofia ya majani yenye ukingo mpana hata akienda chooni. Jua likiwaka alitembea ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta sindano, na watoto waliomwamkia wakiwa pembeni ya njia hawakujibiwa. Giza likianza tu kuingia hakutoka nje tena, hata akihitaji kitu jikoni alinituma mimi. Walimu wengine walisema ana maringo. Nami nikaona wana haki.

Jambo ambalo sikulielewa kabisa ni Jumamosi zake. Jumamosi ya jua alibaki ndani, anashona au anasahihisha madaftari, dirisha limerudishwa nusu. Jumamosi ya manyunyu, wakati kila mtu mwenye akili yuko jikoni anaota moto, yeye alivaa gambuti, akachukua mwavuli mweusi na kuondoka peke yake kuelekea mlimani. Alirudi mchana, sketi imelowa mpaka magotini, mifuko ya koti imejaa majani. Aliyapanga kwenye ungo wa Mama Koku karibu na mlango, moja moja, anayasogeza, anayabadilisha nafasi, uso wake karibu uguse ungo. Mama Koku alikuwa mwanamke mrefu, mjane, mwenye kusema kila kitu kwa sauti ya mtu anayesimulia habari ya hali ya hewa. Siku moja alisimama juu yake na sufuria mkononi. "Waitu mwalimu," akasema kwa heshima ya huko, "hayo ni ya kupika au ya kulalia?" Domitila akajibu bila kuinua kichwa, "Ni ya kutazama, mama." "Haya. Ukimaliza kutazama nipe ungo wangu, nina maharage." Mimi nilicheka mpaka chai ikanipalia. Nasikia aibu kidogo ninapokumbuka kicheko kile, lakini si sana. Nilikuwa kijana, na kwangu jani lilikuwa jani.

Nilimfuata Jumamosi moja ya mwezi wa kumi kwa sababu tu nilichoka kukaa. Sikuwa na gambuti, nikaazima za Mama Koku zilizonizidi, nikawa nakanyaga huku nikisikia miguu inaogelea ndani. Tulipita mibuni, tukapanda hadi mahali ambapo mashamba yanaishia na nyika ya majani mafupi inaanza, ile wenyeji wanayoiita rweya. Hapo akasimama na kuniuliza naona nini. Nikatazama kwa uaminifu kabisa. Nikamwambia naona kijani na ukungu. "Rangi nyingine?" Hakuna. "Basi usitafute nyekundu," akasema. "Watu wote wakija hapa wanatafuta nyekundu, hawaioni, wanarudi nyumbani. Tafuta kijani kisichofanana na kijani cha jirani yake." Nikaona ni mchezo wa darasa la pili, lakini nikatii. Nilitazama kichaka kilichokuwa mbele yangu, na baada ya muda, sijui ni dakika mbili au tano, nikaona kwamba kweli kulikuwa na kijani cha njano na kijani cha bluu, na katikati yao kijani kilichochafuka kama maji ya mchele. Nikafuata kile kilichochafuka. Kikanipeleka kwenye jani moja lililokuwa limeanza kugeuka ukingoni, na ukingo ule ulikuwa mwekundu kama kidonda. Kisha nikaona la pili. Kisha kichaka chote kikafunguka. Mashina ya mibarika yalikuwa ya zambarau. Magugu ya juu ya mwamba yalikuwa yameungua kwa rangi ya kutu, na mwamba wenyewe ulikuwa na madoa ya manjano niliyodhani mtu amemwaga rangi. Na chini kidogo palikuwa na mti ambao Mama Koku baadaye alinitajia jina lake kwa Kinyambo akaongeza kwamba ni kuni tu, una moshi mwingi. Mti ule, kabla ya kuangusha jani lililozeeka, huligeuza likawa rangi ya chungwa, kwa hiyo katika mwili wake wote wa kijani kulikuwa na majani kama thelathini yanayowaka, moja hapa, moja kule, yakichuruzika maji. Nilisimama na mdomo wazi. Nilikuwa nimepita njia ile ile siku ya jua wiki iliyotangulia na sikuona hata moja.

Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia jua likiwaka majani yanaurudisha mwanga wote, yanang'aa, kila kitu kinakuwa bati jipya. Siku ya mawingu, jani likiwa limelowa, halina mwanga wa kurudisha, basi linatoa wa kwake. Aliyasema haya kama anavyoeleza hesabu ya kutoa kwa kukopa, bila madaha. Sikujua bado kwamba alikuwa anazungumzia macho yake. Tuliporudi, Mama Koku alitupa katogo la moto, ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, na nilipotazama sahani nikaona maharage yale hayakuwa ya rangi moja, yalikuwa na michirizi, mengine ya damu ya mzee, mengine ya maziwa, na nikala polepole kuliko siku zote. Mama Koku akaniuliza kama chakula kina mchanga.

Mwezi wa kumi na moja senene wakaja. Asubuhi watoto walifika shule na vifuko vilivyojaa, na nyumbani tulikaa watatu barazani tukinyonyoa mbawa na miguu, mvua ikichuruzika mbele yetu kama pazia. Karibu wote walikuwa wa kijani, wachache wa hudhurungi, na Mama Koku alifanya kazi kwa kasi ya mashine. Domitila yeye alimshika mmoja akakaa naye. Alikuwa wa zambarau iliyofifia, kama ua la viazi. "Huyu msimkaange," akasema. Mama Koku akamtazama senene, akamtazama mwalimu. "Ladha ni ile ile," akasema. Lakini hakumlazimisha. Domitila akamweka kwenye jani la mgomba, na tuliponyanyua macho baadaye alikuwa ameruka kwenda zake.

Niliyajua ya macho yake wiki chache baadaye, na sikuyajua kwa uungwana. Kaka yake alikuja kwa baiskeli kutoka Ihembe. Mimi nilikuwa jikoni namenya ndizi, na jiko lile lilitenganishwa na ukumbi kwa ukuta wa udongo usiofika juu, kwa hiyo maneno yote yalipita. Walizungumza kwa Kinyambo, na kwa kuwa lugha yao na Kihaya chetu ni ndugu, nilielewa. Kaka alimuuliza daktari wa hospitali ya misheni alisema miaka mingapi. "Hakusema miaka," Domitila akajibu. "Alisema nyuma ya jicho panakufa kidogo kidogo, kuanzia pembeni. Kama mlango unaosukumwa taratibu." Kaka akamwambia nyumbani wanataka arudi. "Nirudi nifanye nini?" "Upumzike." "Nikirudi nitakaa kwenye kiti, mtaniletea chakula, mtanipeleka kanisani, basi." Kisha kaka akauliza kama mwalimu mkuu anajua. "Hajui." "Na yule msichana unayeishi naye?" "Leokadia hajui. Leokadia ananiona nina maringo." Nilikuwa na ndizi mkononi, nusu imemenywa, na nilibaki nayo hivyo hivyo mpaka utomvu ukaniganda vidoleni.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa mtu wa kuchosha. Tulipotoka Jumamosi nilitembea nimemganda, namshika mkono kila penye jiwe, nanyoosha kiganja kabla hajajikwaa. Alivumilia safari moja. Ya pili alisimama katikati ya mibuni. "Umesikia," akasema. Nikakubali. Hakukasirika, aliniambia tu, "Basi usinishike. Nikikaribia shimo niambie kuna shimo. Hiyo inatosha." Kisha akanifundisha anavyoona. Alinikunjisha ngumi, akaniambia nifumbe jicho moja na nitazame kwa lile lingine kupitia tundu dogo linalobaki ndani ya ngumi. Jua kali linaliumiza tundu hilo, akasema, na giza linaliziba kabisa. Katikati ya hayo mawili kuna siku za mawingu. "Hizo ndizo zangu." Nilitembea na ngumi jichoni kama hatua ishirini, nikajigonga kwenye mbuni, nikakanyaga dimbwi. Lakini kabla sijaitoa ngumi, tundu lile likaangukia jani moja tu la mbuni, lililozeeka, la manjano, lenye mshipa wa kijani uliokataa kuondoka katikati. Hapakuwa na mlima, hapakuwa na anga wala mimi mwenyewe. Palikuwa na jani. Sikuwahi kuona kitu kwa ukamilifu namna ile, na nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo, nimeona theluji ya Kilimanjaro kutoka dirisha la basi na nimeona watoto wangu wakizaliwa, na bado jani lile nimeliweka pamoja nao.

Masika yalipofika tulikwenda mbali zaidi, mpaka kwenye mteremko unaotazama bonde la mafunjo, ambako miti ile ya majani ya chungwa ilikuwa imeota mingi pamoja. Siku hiyo nilitangulia. Niliiona kwa juu, kundi zima limelowa, na kwa furaha nikakimbia. Ghafla wingu likachanika na jua likaanguka juu yetu, maji yote juu ya majani yakamemeta, nami kwa ujinga wa macho yangu mazima nikaona ndiyo uzuri umekamilika. Nikamwita, "Dada Domi, njoo, njoo uone." Akaifuata sauti. Kati yetu kulikuwa na mfereji ambao mwenye shamba aliuchimba kuzuia maji, mpana kama kitanda. Mimi nilikuwa nimeuruka bila hata kuufikiria. Yeye aliingia ndani yake wima, na nilisikia mlio wa kifundo cha mkono kabla ya kumsikia yeye. Jambo moja tu alikuwa ameniomba, nimwambie kuna shimo, na badala yake nilikuwa nimemwita kwa jina.

Wakulima wawili waliokuwa wanapalilia walimpakia kwenye baiskeli na kuisukuma hadi zahanati, nami nikafuata nyuma nimebeba mwavuli uliokunjwa, nalia. Alifungwa plasta ngumu. Jioni, bado kuna mwanga, mwalimu mkuu akaja kumjulia hali. Alikuwa mtu wa Bukoba, mpole, mwenye kupenda mambo yaandikwe. Mama Koku alimpa chai na buni kavu za kutafuna, akatafuna moja, kisha akauliza imekuwaje mtu mzima kutumbukia kwenye mfereji mpana namna ile mchana kweupe. Nikawahi kusema, "Palikuwa na utelezi, mwalimu." Domitila alikuwa ameegemea ukuta, mkono mapajani. "Hapakuwa na utelezi," akasema. "Sikuuona." Na akamweleza yote, tangu mlango unaosukumwa taratibu mpaka watoto anaoshindwa kuwaitikia. Mama Koku aliacha kumimina chai. Mwalimu mkuu alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini. "Lazima niandike, mwalimu. Unanielewa?" "Naelewa. Andika. Ila andika pia kwamba darasa langu wote wanasoma, hakuna hata mmoja anayekariri tu." Aliinuka, akavaa koti lake. "Hilo nitaliandika kwanza," akasema. Alipoondoka, Mama Koku akamwambia Domitila, "Mimi nilijua. Mtu anayetazama majani usoni namna ile, si bure." Kisha akaenda kumkorogea uji.

Nilimwomba radhi mara nyingi mno, mpaka akanikataza. Alisema kuanguka kule kumempunguzia kazi ya kuficha, na kuficha kulikuwa kunamchosha kuliko kutoona. Kiangazi kilikuwa kigumu kwake, jua kila siku, nyasi za rweya zimekuwa dhahabu tupu ambayo hakuweza kuitazama. Nilikuwa namletea majani mimi, nayapanga kwenye ungo, yeye kakaa kivulini. Aliyageuza geuza. "Yamekauka," alikuwa anasema. "Tungoje mvua." Mwezi wa nane majibu ya barua ya mwalimu mkuu yakaja: amepewa nafasi ya kusomea ualimu wa watoto wasioona, mbali, upande wa pili wa nchi. Kaka yake alikuja tena na safari hii hakumwambia apumzike. Alimletea sanduku.

Manyunyu ya kwanza yalianguka siku mbili kabla hajaondoka. Hatukuulizana, tulivaa gambuti tu. Njia nzima nilitangulia hatua moja mbele yake nikisema shimo, jiwe, mzizi, shimo, kama mtu anayesoma orodha ya mahudhurio. Mfereji tuliuzunguka. Tulipofika kwenye mteremko ukungu ulikuwa umejaa bonde lote, na ile miti ilikuwa imesimama ukingoni mwake ikiwaka kimya kimya, majani ya chungwa mengi kuliko wakati wa masika, na chini yake ardhi nzima imefunikwa yaliyodondoka. Safari hii tena mimi ndiye niliyeona kwanza. Domitila alikuwa anageuza kichwa, kulia, kushoto, juu sana, chini sana. Tundu lake lilikuwa limepungua katika miezi ile ya jua, nami sikujua kama limepungua kiasi hicho. "Iko wapi?" akauliza, na sauti yake ilikuwa na woga ambao sikuwahi kuusikia. Ningeweza kusema kushoto kidogo. Badala yake nikasimama nyuma yake, nikaweka viganja vyangu viwili kwenye mashavu yake, vimelowa na ni vya baridi, nikamgeuza uso polepole sana, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio, mpaka nikasikia pumzi yake imekatika.

"Hapo," akasema. "Usitoe mikono."

Sikuitoa. Maji yalishuka kwenye mikono yangu yakaingia mpaka kwenye viwiko, na mabega yakaanza kuuma. Nilidhani anaaga, nikamwacha aage, na mimi nikawa natazama juu ya bega lake kundi lile la miti kwa macho yangu mawili mazima, kutoka ukingo mpaka ukingo, nikiwa na hakika kwamba sijaacha kitu.

"Ule mwembamba wa nyuma," Domitila akasema baada ya muda mrefu, "ule uliobakiwa na jani moja. Umeuona?"

Nikatazama tena. Nilikuwa sijauona.